Maji Yasiyo na Chumvi

Kisu bado kiko mkononi mwa Mama Breki, samaki bado yuko mezani, na mtu bado amesimama mlangoni.

Kwa uliyelikosa gazeti la wiki iliyopita, mambo ni mepesi. Mama Breki ni mwalimu wa udereva, na jina hilo alipewa na wanafunzi wake kwa sababu neno hilo ndilo analolipiga kelele kutwa nzima. Mumewe, Fundi Friji, huenda kuvua kila Jumamosi. Si biashara, ni kujifurahisha tu, kama nusu ya wanaume wa mji wao mdogo wa pwani. Safari zote huleta samaki ambao wameshakatwa vipande. Safari hii alileta mzima. Mama Breki, binti wa muuza samaki, akamgeuza huku, akamgeuza kule, mwili ukamsisimka.

Alikuwa perege. Perege ni samaki wa maji baridi, hajui chumvi. Na Fundi Friji alisema ametoka baharini.

"Mbona unamtazama hivyo?" ndiyo sauti iliyotoka mlangoni.

Mama Breki hakugeuka. "Nampima. Naona kikaango kitamkataa."

Fundi Friji akasogea, akamshika samaki mkia, akamviringisha ndani ya gazeti.

"Huyu usimpike. Ameanza kunuka. Nampelekea paka."

Akatoka naye uani.

Mama Breki alibaki na kisu chake. Hawakuwa na paka. Hawajawahi kufuga paka. Fundi Friji akikaa chumba kimoja na paka hupiga chafya mpaka anatoka machozi.

Mwanamke mwingine angemkaba koo pale pale. Yeye alinyamaza. Kazi yake imemfundisha kwamba mtu ukimshtua akiwa kwenye usukani atakanyaga popote, na aghalabu atakanyaga pabaya. Akaamua kusubiri Jumamosi.

Na usijifanye hukuliwaza alilowaza yeye. Aliwaza kuna mwanamke.

* * *

Jumamosi ikafika. Fundi Friji alipakia fito mbili za kuvulia, ndoo ya chambo na sanduku la barafu kwenye kigari chake cha kazi.

"Leo niko Gati Kuukuu," alisema.

"Uvue salama," alijibiwa.

Mama Breki alikuwa amewapigia simu wanafunzi wote wa siku ile kuwaambia wasije. Wote walikubali isipokuwa Mkunga, ambaye alikuwa amesimama getini, mkoba kwapani, raba mpya miguuni.

"Mwalimu, mtihani ni keshokutwa! Wameshaniangusha mara mbili kwenye kugeuza gari. Leo hata mvua ya mawe inyeshe, mimi naendesha."

Mama Breki akaitazama kona. Kigari cha mumewe kilikuwa kinaishilia. Akamrushia funguo.

"Panda. Leo unajifunza kumfuata mtu."

"Nani?"

"Mume wangu."

Mkunga amezalisha robo ya mji ule na amesikia mengi kutoka kwa wanawake wenye uchungu. Hakuuliza la pili. Alifunga mkanda, akawasha, akaachia klachi. Gari likaruka kama chura, likazima.

"Polepole!" alisema Mama Breki.

"Utamfuata mtu polepole?"

Walipoondoka kweli kweli, kigari kilikuwa kimeshapotea. Na hata wangekiona, gari la Mama Breki lina kibao juu ya paa, cheupe, chenye herufi L nyekundu ya kusomeka kutoka mtaa wa pili. Kumvizia mtu kwa gari lile ni sawa na kunyata umevaa njuga.

* * *

Gati Kuukuu palikuwa pamejaa. Wavuvi wa Jumamosi walikuwa wamepanga viti vyao vya kukunja kando ya mbao, kila mmoja na ufito wake, kila mmoja na redio yake. Fundi Friji hakuwemo.

Mwishoni kabisa, kwenye kiti chenye matakia, alikaa Nahodha.

Nahodha hajawahi kuongoza hata mtumbwi. Jina limetokana na kofia yake nyeupe. Ana duka la vifaa vya kuvulia, na ni mwenyekiti wa Chama cha Wavuvi wa Jumamosi. Yeye ndiye anayeamua mahali gani pa kuvulia pafunguliwe na papi pafungwe, na vibao vyote vya chama amevipigilia misumari kwa mkono wake. Mtu mpole, wa tabasamu, wa kukusalimia mpaka uchoke.

"Shemeji! Leo umekuja kuvua na wewe?"

"Namtafuta mume wangu."

"Fundi? Hapa?" Nahodha alicheka. "Shemeji, Fundi hajatupa ndoano gatini tangu mwaka jana. Sisi tulijua umempiga marufuku."

Wazee wawili wa jirani wakainamisha vichwa, wakajifanya wanakagua chambo. Mama Breki aliuona ule uso wa watu wanaokuonea huruma, akauchukia.

"Jaribu Ukuta wa Mawe," alisema Nahodha kwa upole. "Au Mdomo wa Mto. Leo samaki wanakula kila mahali. Na kaka yako, hajambo huko aliko?"

"Hajambo. Kaniandikia juzi."

"Vizuri. Msalimie sana."

Hapa inabidi umjue kaka mtu. Jina lake la mtaani ni Spidi, kwa hiyo familia ile ilikuwa na Breki na Spidi, na watu walicheka sana. Spidi alikuwa mkono wa kulia wa Nahodha pale dukani. Miaka mitatu iliyopita aliondoka na gari lake bila kumuaga hata mama yake. Baadaye ukaja ujumbe kwenye simu: amekwenda ng'ambo kutafuta maisha, wasiwe na wasiwasi. Tangu hapo huandika. Hapigi. Mtandao mbovu, anasema.

Mama Breki alikuwa ameshageuka aondoke, lakini hasira ikamrudisha.

"Wala hayuko ukutani, wala hayuko mtoni! Kaniletea perege, Nahodha! Mimi, mtoto wa sokoni, naletewa perege naambiwa katoka baharini!"

Kikengele kwenye ncha ya ufito wa Nahodha kikalia. Samaki ameshika. Ufito ukapinda, ukatikisika.

Nahodha hakuugusa.

"Perege," alisema taratibu. "Mkubwa?"

"Wa kujaza sahani."

"Aha."

Kikengele kiliendelea kulia. Kisha mshipi ukakatika, ufito ukanyooka, na Nahodha akaanza kukunja vitu vyake. Wale wazee wakatazamana. Hakuna aliyewahi kumwona mwenyekiti akiondoka kabla ya adhuhuri.

"Nenda nyumbani, shemeji," alisema. "Wanaume tuna mambo yetu. Jioni atarudi. Wewe tulia nyumbani."

* * *

Hakutulia nyumbani.

Ukuta wa Mawe walikuta vijana wanapigana picha. Mdomo wa Mto walimkuta mwalimu mstaafu amelala kwenye kiti, ndoano yake imenasa mizizi. Waliendelea mpaka Mwamba wa Mnara. Hata mmoja hakuwa amemwona Fundi Friji.

Mkunga alisimamisha gari kando ya barabara. Safari hii halikuzima.

"Mwalimu, usinikasirikie. Perege anaishi maji gani?"

"Maji baridi."

"Na hapa mjini maji baridi yenye samaki yako wapi?"

Mama Breki alikuwa amelijua jibu tangu Jumamosi iliyopita, kisu kikiwa mkononi. Ndiyo maana alizunguka bahari nzima kwanza. Alitaka amkute baharini. Alimwombea awe baharini.

"Kata kushoto," alisema. "Twende Machimbo."

Machimbo ni shimo la kokoto lililoachwa zamani. Pampu zilipozimwa, maji yakapanda, likawa bwawa. Wakati mmoja palikuwa mahali pazuri pa kuvulia, watu wakija na watoto na mablanketi. Sasa njia imeota majani, na mwanzoni pake pamesimamishwa kibao cha chama: HATARI. MAJI YANA SUMU. MARUFUKU KUVUA.

Nyuma ya kibao, majani yalikuwa yamelazwa na matairi. Mama Breki aliyatambua matairi yale kama mtu anavyotambua viatu vya mumewe.

Walipanda kilima kwa gia ya kwanza. Njia ilikuwa ya gari moja tu; upande huu mwamba, upande huu genge.

"Simama hapa. Geuza gari litazame tulikotoka," alisema Mama Breki. "Ukiniona nakuja mbio, usiulize kitu."

"Nigeuze? Hapa?" Mkunga alishika kifua. "Mwalimu, mimi nilifeli kwa kugeuza!"

Mama Breki alikuwa ameshashuka.

* * *

Maji yalikuwa meusi. Siyo kijani, siyo bluu. Meusi, na hayakutikisika. Kuta za mwamba zilisimama wima pande tatu. Hata ndege hawakulia.

Fundi Friji alikuwa ukingoni, kifua wazi, jasho linamtiririka. Fito zake za kuvulia zilikuwa zimelala chini, hazijafunguliwa.

Mkononi alishika kamba. Mwisho wa kamba palikuwa na kinanga cha chuma chenye kucha nne, cha kuchomelea mwenyewe. Alikizungusha, akakitupa. Kikaingia majini chubwi! Akasubiri kizame. Akaanza kukivuta, taratibu, kama mtu anayechana nywele zenye mafundo. Kikatoka na matope. Akasogea hatua moja kulia. Akatupa tena.

Hapakuwa na mwanamke. Utaniamini nikikwambia Mama Breki alitamani angekuwepo?

"Unavua nini?"

Fundi Friji aligutuka nusura aende na kamba yake.

"Mwalimu!" Hivyo ndivyo anavyomwita mkewe, nyumbani na barabarani. "Rudi kwenye gari. Tafadhali."

"Nimekuuliza. Unavua nini?"

Fundi Friji akajifuta uso. Akatazama maji, akamtazama mkewe, akakaa juu ya jiwe.

"Kaka yako," alisema.

Dunia ilimzunguka Mama Breki. Aliposhtuka, alikuwa ameokota jiwe na mkono uko juu.

"Umemfanya nini kaka yangu?"

"Mimi?"

"Umemfanya nini? Na samaki! Umetulisha samaki wa humu mwaka mzima?"

"Hapana! Wale wote nilinunua sokoni, nakuapia. Huyu mmoja alinipa mchunga mbuzi anayevua hapa. Alisimama ananitazama, nikashindwa kumtupa. Anawala kila siku, yeye na wanawe, na wazima kuliko mimi na wewe." Alinyoosha kidole kule njiani. "Sasa niambie, hiyo sumu iko wapi? Nani aliyeandika kile kibao?"

"Nahodha."

"Lini?"

Mama Breki akafikiri. Jiwe likaanza kuwa zito. "Mwaka ule Spidi alipoondoka."

"Wiki ile ile," alisema mumewe. "Ile ile."

Akamwambia yote. Mwaka jana aliitwa kutengeneza friji la chambo dukani kwa Nahodha. Alikuwa amejilaza nyuma ya friji, tochi mdomoni. Nahodha akaingia, akadhani yuko peke yake. Ilikuwa siku ya kuzaliwa ya Spidi.

"Unakumbuka ulimwandikia kaka yako salamu? Ulinisomea asubuhi kabla hujatuma, tukacheka. Basi simu ikalia pale pale, Mwalimu. Kwenye droo ya Nahodha. Akaitoa, akaisoma kwa sauti, maneno yako yale yale. Kisha akakaa anatafuta la kujibu. Akaguna, akacheka kidogo, akaandika. Jioni uliponisomea jibu la kaka yako, ukalia kwa furaha, mimi nilikwenda chooni nikatapika."

Jiwe lilianguka lenyewe.

Miaka mitatu. Zile salamu. Yale maswali kuhusu afya ya mama. Ile siku alipomwandikia kwamba ameharibikiwa na mimba, na kaka akamjibu maneno mazuri yaliyomliza usiku kucha. Alimfungulia moyo nani?

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nikuambie nini? Mama yako anapata usingizi kwa sababu ya zile meseji. Na niende kwa nani? Mkuu wa kituo anavua na Nahodha kila Jumapili, wanashirikiana hadi chambo. Nilitaka kwanza kitu cha kushika mkononi." Aliinuka ghafla. "Hapa umekujaje? Nani anajua uko hapa?"

"Mkunga tu. Yuko kwenye gari."

"Na nani mwingine?"

Mama Breki akafungua mdomo. Kile kikengele kikaanza kumlilia kichwani, kikilia na kulia, na ufito umepinda, na mtu ameketi haugusi.

"Nilipitia gatini," alisema kwa sauti ndogo. "Nilikuwa na hasira. Nilimwambia habari ya perege."

Fundi Friji aligeuka akaitazama njia. Afadhali angefoka.

"Tuondoke," alisema. Akashika kamba akivute kinanga nje.

Kamba haikuja.

Akavuta tena. Ikakaza. Mama Breki akaja nyuma yake, akashika naye, wakaegemea pamoja kwa uzito wote. Chini kabisa kitu kikalia, mlio wa kuvunjika ulioletwa na maji, na kamba ikalegea ghafla hata wakaanguka chali wote wawili.

Kikaibuka chenyewe, polepole, kimefunikwa na ute.

Bampa la gari.

Fundi Friji akalivuta ukingoni. Mama Breki akapiga magoti, akalifuta kwa kanga yake. Rangi ilikuwa ya fedha. Akafuta upande wa kushoto. Gundi ngumu, ya manjano, imechora umbo la herufi ambayo mtu alijaribu kuibandua kwa kisu akashindwa.

L.

Mtu aliyejaribu kuibandua ni yeye. Lilikuwa gari lake la kwanza la kufundishia. Alimpa kaka yake siku alipoajiriwa dukani.

Hakulia. Aliweka kiganja juu ya ile herufi akakiacha hapo, na mumewe akamwekea mkono begani.

Simu yake ikatetemeka.

Aliitoa mfukoni. Jina kwenye kioo lilikuwa moja tu: Kaka.

*Dada yangu, umeamkaje? Uko wapi saa hizi?*

Miaka mitatu ya meseji, na hata siku moja hakuwahi kuulizwa yuko wapi.

"Usijibu," alisema Fundi Friji.

"Nisipojibu atajua." Akaandika: *Niko nyumbani, nafua.*

Jibu halikukawia.

*Nimepiga hodi kwako, hakuna mtu. Nimempitia mama badala yako.*

Waliisoma pamoja, vichwa vimegusana. Mtu aliyejifanya Spidi miaka mitatu alikuwa ameacha kujifanya.

Mama Breki akapiga namba ya mama yake. Ikaita mara moja tu.

"Mwanangu!" Sauti ya mama ilikuwa nyepesi kama ya msichana. "Nilitaka kukupigia. Leo nina furaha wewe! Nahodha kanijia, kasema ana habari nzuri za kaka yako, lakini hataki kuzisema mpaka tufike."

"Mama, mfike wapi? Uko wapi?"

"Nimo kwenye gari lake. Kuna mahali kaka yako alipapenda sana kuvua, ndiko ananipeleka nikapaone. Ila njia yenyewe! Mashimo matupu, kiuno changu mimi... Ah! Na huku mbele kuna mwanamke kaliweka gari mkingamo, kaziba njia yote, hata sijui alikuwa anafanya ni—"

Honi ikalia, ndefu, ya hasira.

Mama Breki aliisikia mara mbili. Mara moja kwenye simu, na mara moja kule juu kilimani, nyuma ya mgongo wake.